Telesphor Kimario na Jina Lililoachwa Nje ya Jedwali

Padri, ndugu wa Kibosho, majirani wa hapa Lewisham na wote mlioacha kazi zenu leo Ijumaa, tarehe 28 Machi 2025, nasoma kwa niaba ya familia mimi Bridget, mdogo wa marehemu, na ninaomba mnisikilize hadi mwisho, maana sehemu ya mwisho aliiagiza mwenyewe.

Telesphor alizaliwa Kibosho, Moshi, tarehe 14 Agosti 1958, mtoto wa pili wa mzee Aloyce na mama Yustina, akitanguliwa na kaka yetu Gervais, aliyekaa hapa mbele, na kufuatiwa na mimi. Alianza shule ya msingi Kibosho mwaka 1966, akasoma sekondari Moshi mjini kuanzia mwaka 1973 hadi alipomaliza kidato cha sita mwaka 1978, akapitia Jeshi la Kujenga Taifa, kisha akahitimu shahada ya sheria Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1983.

Januari 1984 aliajiriwa serikalini, katika ofisi ya kuandika sheria, kwa kazi ambayo sisi nyumbani tulichelewa kuielewa, kwa sababu hakuandika sheria mpya bali alirekebisha zilizokwisha kupita, akikusanya makosa ya sheria za nchi na ya hati za manispaa, hapa kifungu kinachotaja wizara iliyovunjwa, pale mpaka uliochorwa vibaya, na kuyaweka yote katika muswada mmoja wa marekebisho ya sheria mbalimbali, ambao haukumkosesha mtu usingizi. Kaka Gervais alikuwa akimtania kwamba serikali inamlipa kwa kuhamisha nukta, naye alijibu kwamba wapo wanaolipwa kwa kusahau watu.

Alimaanisha kata moja, ya manispaa ambayo hakuwahi kututajia, iliyoachwa nje ya jedwali, yaani orodha ya kata, wakati hati ya manispaa ilipoandikwa upya, ikawa watu wake wanajenga, wanaoana na kuzikana, lakini hawana diwani, kwa kuwa kisheria hawapo. Wakubwa wake walitaka jina liongezwe kimyakimya wakati wa kuchapa upya, yeye akakataa, akisema kosa lililotangazwa kwa sheria husahihishwa kwa sheria, kwa kutaja lililoandikwa, linalowekwa badala yake, na tarehe ya kuanza kutumika. Marekebisho hayo ya mwaka 1988 yalihesabiwa kuwa yameanza kutumika tangu siku kata ilipoachwa, asije mtu akasema watu wale walizaliwa siku muswada ulipopita.

Tarehe 20 Oktoba 1990 alifunga ndoa na Marcelina, muuguzi, katika kanisa la Dar es Salaam, wakajaliwa Evans mwaka 1992 na Jeff mwaka 1995. Mwaka 1999 Marcelina alipata kazi ya hospitali hapa London, wakahamia Lewisham, na kwa kuwa shahada ya marehemu haikukubaliwa, alilinda maghala hadi mwaka 2004, alipoajiriwa ukarani katika kaunsili moja, yaani halmashauri ya mtaa, kusini mwa jiji, akarudia kazi yake ileile ya kurekebisha sheria ndogo hadi alipostaafu mwaka 2023.

Kwa kawaida hapa tungeendelea na ugonjwa, lakini marehemu alitaka turudi nyuma kidogo. Mama yetu alifariki tarehe 6 Juni 2011, na Telesphor ndiye aliyeandika historia yake na kuisoma Kibosho mbele ya jeneza, akawataja wajukuu kwa majina, mmoja mmoja, na mmoja hakumtaja. Huyo ni Haika, mtoto wake wa kwanza, aliyezaliwa Dar es Salaam tarehe 3 Mei 1986, ambaye mama yake ni marehemu Mwatima, mpiga chapa wa ofisi ile ya kuandika sheria, mwanamke ambaye wazazi wetu hawakukubali aolewe kwetu kwa sababu ya dini. Jina la Haika lilikuwamo hadi asubuhi ya maziko, wazee wa ukoo wakamtaka alitoe, akalitoa. Haika alikuwa chini ya turubai la wageni, amevaa kitenge cha sare ya wajukuu alichotumiwa na baba yake mwenyewe, na majina yalipokwisha alinyanyuka akaenda kuosha sahani. Marcelina, ambaye hakuwa ameambiwa habari za mtoto huyo, alimtambua kwa sura ya baba yake.

Novemba 2024 Telesphor aligundulika kuwa na saratani ya kongosho. Mwezi Februari, hali ilipokuwa mbaya, alituita mimi, Gervais na Marcelina kando ya kitanda, akatuambia, "Mkiandika historia yangu, msifiche kosa la kwenye ya mama. Litajeni, mtajeni na aliyelifanya."

Kaka Gervais alimwuliza, "Mambo ya miaka yote hiyo, mdogo wangu, unayafukua ya nini?"

"Hayakuzikwa, kaka. Haika hunipigia simu kila Jumapili."

Alifariki Jumanne, tarehe 11 Machi 2025. Tumebishana tangu siku hiyo, na kaka Gervais ameomba ijulikane kwamba hakukubali, nasi tumeandika hivyo. Jana Marcelina alisema, "Isomwe. Ila msinitake nitabasamu."

Kwa hiyo, katika historia ya mama Yustina iliyosomwa mwaka 2011, palipotajwa wajukuu, jina la kwanza liwe Haika Telesphor Kimario, lililoondolewa na Telesphor mwenyewe akijua, na marekebisho haya yahesabiwe kuwa yameanza kutumika tarehe 3 Mei 1986. Haika, viza yako imetoka juzi na umekaa nyuma karibu na mlango, tunaomba uje mbele, ukae kando ya Evans, kwa kuwa shada la kwanza la watoto ni lako.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliotuletea chakula kila jioni, wafanyakazi wenzake wa kaunsili, na wewe Padri.

Telesphor, hatukufuta kitu. Pumzika kwa amani, kaka, na anayekuja kutoka nyuma tumpishe apite.