Mbwa wa Armand

Benchi letu lipo ubavuni mwa nyumba ya mashine za kufulia nguo, pale bomba la hewa ya moto linapotokea ukutani. Wapita njia hushangaa watu wazima tunakaaje nje mwezi wa Novemba, kaskazini ya jimbo la Maine, na theluji ya kwanza imeshaanguka. Jibu ni hilo bomba. Mtu akikausha mashuka yake ndani, sisi nje tunapata joto la bure lenye harufu ya sabuni. Kahawa tunaichukua kituo cha mafuta ng'ambo ya barabara, birika moja kubwa, na likiisha baraza limevunjika. Tulikuwa watano, sasa tuko wanne. Yupo Meya, ambaye hajawahi kuwa meya, ila amegombea mara tatu na mara zote ameshindwa na watu wasiojua kuongea. Yupo Injini, aliyeendesha gari la kuzoa theluji miaka thelathini, na kwake kila kitu duniani ni mashine iliyolegea mahali fulani. Yupo Lucille Daigle, ambaye hana jina la utani kwa sababu hakuna aliyethubutu kumpa. Yeye huwalea nyumbani kwake mbwa wa kituo cha kuokoa wanyama mpaka wapate wa kuwachukua moja kwa moja, na wameshapita arobaini mikononi mwake. Na mimi, Gazeti, kwa kuwa nilikuwa nikilisambaza gazeti siku zile mji wetu ulipokuwa nalo. Wa tano alikuwa Armand Thibodeau, aliyefariki mwishoni mwa Oktoba. Nafasi yake ya mwisho wa benchi hatuikalii, ingawa hakuna aliyetoa amri hiyo.

Jumatano moja asubuhi Lucille alifika akimwongoza mbwa wa Armand kwa kamba. Mbwa mzee, mweusi tii, mvi kidevuni, kavishwa kizibao cha rangi ya chungwa kwa sababu ni msimu wa kuwinda na wapo wanaopiga risasi chochote chenye miguu minne. Tulikuwa tukimwona kila siku kwa miaka kumi na moja, lakini kwenye pikapu ya Armand, dirisha limeshushwa robo, akitutazama. Chini hakuwahi kushuka. Armand alipoanguka jikoni kwake, mbwa huyu alikaa naye siku mbili mpaka tarishi akasikia kubweka. Sasa alijilaza chini ya benchi, kama gunia lililosahauliwa.

Lucille: Leo siku ya tisa hajala. Anaramba maji tu. Daktari kasema mpaka Ijumaa. Asipokula, basi, sindano ya mwisho.

Meya: Ijumaa hii?

Lucille: Kwani kuna Ijumaa gani nyingine?

Injini: Umempa nini lakini? Maana na wewe Lucille, chakula chako twakijua.

Lucille: Nimempa kuku wa kuchemsha. Maini. Nyama ya kulungu, tena nimempasulia vipande vidogo vidogo. Jana nikampikia chapati za ploi za moto, nikazipaka siagi.

Injini: Siagi hataki siagi.

Hakuna aliyecheka sana. Kituo kina desturi yake: wanyama wanaoingia mwezi mmoja hupewa majina ya jamii moja, ili wasichanganyikiwe kwenye makaratasi. Septemba ilikuwa mito. Oktoba ikawa vyakula. Kwa hiyo siku aliyoletwa mbwa wa Armand, kabla yake alikuwa ameingia paka akaitwa Pilipili, na yeye akaangukia Siagi.

Meya: Jina jema hung'ara gizani. Ndiyo maana mbwa mweusi kapewa Siagi.

Mimi: Meya, methali hiyo umeiokota wapi?

Meya: Methali haina mwenyewe. Na tatizo la mbwa huyu mimi nalijua. Huu ni mgomo. Mpwa wa Armand katoka huko kusini, kauza pikapu, kafunga nyumba, kaondoka siku ya pili. Mbwa kaona dhuluma kwa macho yake. Anagoma kula kama tulivyogoma sisi kule kiwanda cha karatasi.

Injini: Ule mgomo wewe ulikuwa unakula. Nilikuona kwa dada yako na sahani.

Meya: Nilikuwa kwenye kamati. Kamati inakula.

Injini: Sikilizeni niwaambie. Mbwa ni mashine. Huyu miaka kumi na moja kala ndani ya pikapu, injini inanguruma, kiti kinatetemeka. Tumbo limezoea mtetemo. Ukimpa chakula sakafuni, kimya, tumbo haliwaki. Lucille, mpakie kwenye gari, washa, mwekee bakuli kitini.

Lucille: Nimeshafanya.

Injini: Gari gani?

Lucille: Langu.

Injini: Lako halitetemeki. Lile la Armand lilikuwa na silensa imeoza. Lazima silensa ioze.

Lucille: Nikaivunje silensa yangu kwa ajili ya fiksi zako?

Injini: Mwenye njaa hana miiko, bibie.

Lucille: Mwenye njaa huyu hapa miguuni mwako. Miiko anayo tele.

Meya akainama kumchungulia mbwa, akajiinua na sura ya mtu aliyepata habari nyeti.

Meya: Kile kidude. Kituo si wanatia kidude chini ya ngozi, hapa shingoni?

Lucille: Wanatia. Cha kumtambulisha akipotea.

Meya: Huo wa kupotea ni ubuyu wa kutulisha sisi. Kidude kile kinapokea ishara. Nani anatuma? Serikali. Mwenyewe akifa, jina linafutwa kwenye daftari lao, kidude kinazimwa, hamu ya kula nayo kwaheri. Chanda chema huvikwa pete, na mbwa mwema huzimwa kidude.

Mimi: Hapo umechemsha, mzee. Hiyo pete umemvisha nani?

Meya: Bishaneni. Mwaka jana paka wa dada yangu alizimika hivyo hivyo.

Lucille: Paka wa dada yako alikuwa na miaka ishirini na mbili.

Injini: Mimi sisemi kidude, ila mkumbuke mbwa huyu kakaa na maiti siku mbili. Marehemu babu yangu alikuwa akisema, mnyama akikesha na maiti, roho ya mtu inaweza kumwingia kama theluji inavyoingia kwenye buti. Labda hapo chini tuna Armand. Na Armand chakula cha Lucille hakuwahi kukipenda.

Hapo Lucille akakiweka kikombe chake benchini, taratibu, na sote tukajua tumevuka mpaka.

Lucille: Mnajua nilichofanya jana usiku? Nimelala sakafuni naye. Mwanamke wa miaka sabini na moja. Namwambia, Siagi, kula baba. Siagi, tonge moja tu. Anatazama ukuta nyuma yangu. Mbwa arobaini na mmoja nimelea. Waliopigwa, waliotupwa barabarani, mmoja alikuja na mnyororo umeota ndani ya shingo. Wote walikula. Huyu hajawahi kupigwa hata siku moja, na huyu ndiye ananifia. Nimemleta hapa kwa sababu nyinyi mlikuwa rafiki zake Armand. Nilidhani mtajua kitu.

Tukanywa kahawa. Unapoambiwa hivyo, kikombe kinakuwa mkombozi. Mimi nilitazama viatu vyangu na nikaona aibu, maana tangu afike yule mbwa nilikuwa nikifikiria methali za Meya na jinsi nitakavyozisimulia nyumbani.

Ndipo akatoka ndani yule mwanamke mgeni. Alihamia Septemba juu ya duka la dawa lililofungwa, na kila Jumatano hufua. Yeye hutusalimu, nasi huitikia, basi. Siku hiyo nguo zake ndizo zilizokuwa zikizunguka kwenye mashine, kwa hiyo joto tulilokuwa tukilipata lilikuwa lake.

Mgeni: Habari za asubuhi. Samahani, nimemwona kupitia dirishani. Anaumwa?

Lucille: Hali chakula, mwanangu. Mwenyewe amefariki.

Mgeni: Pole, mama. Naweza kumgusa?

Meya: Kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Karibu.

Akachuchumaa, akanyoosha mkono, akamwachia mbwa anuse. Mbwa hakunusa.

Mgeni: Anaitwa nani?

Lucille: Siagi.

Mgeni: Siagi. Siagi. Haitiki kabisa. Ana masikio mazima?

Lucille: Daktari kampima. Anasikia vizuri tu.

Mgeni: Hilo Siagi ndilo alilokuwa akiitwa na mwenyewe?

Lucille: Hapana, hilo la kituoni.

Mgeni: Mwenyewe alikuwa akimwitaje?

Swali lenyewe hilo tu. Nilimgeukia Injini, Injini akamgeukia Meya, na Meya, mtu ambaye hajawahi kukosa jibu tangu azaliwe, akamgeukia Lucille. Lucille naye alikuwa akitutazama sisi.

Lucille: Semeni basi. Mimi nilikuwa nakuja hapa mara moja moja. Nyinyi mlikuwa naye kila siku.

Injini: Mimi nilikuwa nasema mbwa wa Armand.

Meya: Hata mimi. Mbwa wa Armand. Si ndivyo alivyokuwa?

Lucille: Na yeye Armand alikuwa anasemaje?

Injini: Alikuwa akisema, acha niende, mwenzangu ananingoja.

Meya: Leseni. Kila mbwa ana leseni manispaa, na jina limeandikwa pale. Naenda sasa hivi.

Mimi: Hakuwahi kumkatia. Alisema hata yeye mwenyewe hana leseni ya kuzaliwa, na wewe ukampigia makofi.

Meya: Kweli. Nilimpigia.

Injini: Mpwa wake?

Lucille: Mpwa hakujua hata kama kuna mbwa. Na nyumbani niliingia, bakuli lake ni sufuria kuukuu. Halikuandikwa kitu.

Nikakumbuka jambo ambalo sikulisema siku ile, nalisema sasa. Kiangazi cha mwaka juzi Armand alikaa pale pembeni, akasema, "Jamani, nimewahi kuwaambia nilivyompata yule mwenzangu?" Hatukuwahi kuambiwa. Lakini Meya alikuwa katikati ya hoja yake kuhusu wale kulungu wakubwa wa kaskazini wanaovuka barabara kuu, kwamba wanavuka makusudi, na mimi nilikuwa nambishia kwa sauti, na Injini alikuwa akicheka. Armand akangoja kidogo. Kisha akamwaga mashapo ya kahawa yake, akasema mwenzake anamngoja, akaenda. Miaka kumi na moja ya maneno, na hilo lilikuwa neno moja tulilohitaji.

Meya akashuka kwenye benchi. Akapiga magoti kwenye theluji, na magoti yale yana vyuma ndani yake.

Meya: Duke. We Duke. Prince.

Injini: Armand alikuwa mtu wa Kifaransa nyumbani. Noiraud. Ti-Loup. Njoo, Ti-Loup.

Mimi: Capitaine.

Meya: Rex. Bruno.

Tulimwita hivyo kwa zamu, wazee watatu, kila mmoja akitaja mbwa wote aliowahi kuwajua maishani mwake, waliozikwa nyuma ya nyumba zetu za utotoni. Hakuinua hata sikio. Mgeni alikuwa bado amechuchumaa, mkono mgongoni mwa mbwa, akisikiliza. Majina yakatuishia. Injini akarudia Prince, kwa sauti ya mtu anayejaribu tena ufunguo aliokwisha kuujaribu.

Nikachoka. Nikaegemea ukuta, nikasema peke yangu tu, simwambii mtu:

— Ah, Armand, ungetuambia, bwana.

Mkia ukagonga ubao wa benchi. Mara moja, kisha mara mbili. Mbwa akatoka chini pale, miguu ikitetemeka, akasimama. Hakunitazama mimi. Akatazama barabara, kisha akatembea polepole hadi kamba ilipokaza, mbele ya ile nafasi ambayo pikapu ilikuwa ikiegeshwa kila siku. Palikuwa na gari dogo jekundu la mtu mwingine. Akasimama hapo, masikio juu, anangoja mlango ufunguliwe.

Meya, bado yuko magotini: Jina analijua. Mmeona? Analijua la mwenzake. Gazeti, liite tena. Liite, atakula.

Injini: Liite, Gazeti. Kamesimama, hako.

Nikavuta pumzi ya kuita. Lucille akanishika mkono wa koti.

Lucille: Ukimwita mwenyewe tena, basi umlete.

Sikuliita. Ndani, mashine ya mgeni ikamaliza mzunguko wake, ikazima, na joto la bomba likakatika. Mgeni akasema taratibu kwamba nguo zake zimekauka, lakini hakwenda kuzitoa. Injini akaliinamisha birika, likatoa matone mawili. Mbwa alikuwa bado amesimama mbele ya gari lile jekundu, kizibao chake cha chungwa kinatetemeka, na Lucille hakuivuta kamba.