Delmar Hostetter, Aliyeng'oa Reli za Baba Yake

Delmar Ray Hostetter alizaliwa tarehe 14 Februari 1944 huko Tannery Gap, Pennsylvania, mtoto wa kwanza wa Clyde na Edna Hostetter. Mimi, Arlene, ndiye niliyemfuata. Baba yetu alikuwa mnyapara wa gengi la reli, na maili kumi na moja kutoka Tannery Gap hadi daraja la mto zilikuwa zake kuzitunza. Delmar alijua kuruka mataruma, yale magogo ya chini ya reli, kabla hajajua kufunga kamba za viatu.

Alisoma shule ya kijijini hadi mwaka 1962. Hakuwa mtu wa vitabu. Mwaka huohuo aliajiriwa na kiwanda cha vioo kama fundi mitambo, akakitumikia hadi alipostaafu mwaka 2005. Tarehe 8 Juni 1968 alifunga ndoa na Verna Stahl katika kanisa hili hili la Kilutheri, wakajaliwa binti mmoja, Joyce.

Treni ya mwisho ilipita mwaka 1983. Njia ikatelekezwa, miti ikaota katikati ya reli. Alipostaafu, Delmar na wastaafu wenzake kumi na watatu waliunda chama cha kujitolea, wakapata injini kuukuu ya mvuke na ruhusa ya kuiendesha maili sita za upande wa mjini. Boila yake ilikuwa imeoza. Fedha za kuitengeneza zingepatikana kwa kung'oa na kuuza zile maili kumi na moja za Baba, ambazo treni isingezifikia, basi. Delmar akachukua spana. "Nikiziacha zitaliwa na kutu, Arlene," aliniambia. "Bora zilishe treni." Kwa Verna alitoa ahadi: "Injini ikiwaka tu, mama Joyce, Jumamosi zote ni zako."

Kazi hiyo ina kanuni moja. Unaanza kung'oa mwisho wa mbali, unarudi kuelekea nyumbani, ili behewa la mzigo lisikose reli ya kupitia. Tarehe 17 Oktoba 2009 baridi ilikuwa kali, wenzake wakiwa mwisho wa mbali wanapakia behewa. Delmar aliona boliti za upande wa nyumbani zimelegea, akazifungua, akaburuta reli mbili kando kwa trekta. Alipogeuka, behewa, kiberenge cha kulivuta na wazee wote walikuwa ng'ambo ya pengo.

"Delmar, umetufungia nje!" akapiga kelele Russ Kovach.

"Tulia wewe, nafikiri."

"Ungefikiri kabla ya kushika spana!"

Verna, aliyekuwa ameleta supu, alicheka hadi akakaa chini. "Mzee mzima unakata tawi ulilokalia!" Ikabidi wazirudishe zile reli na kuzifunga upya. Miaka mingi baadaye Delmar alikiri kuwa siku hiyo tu ndiyo aliyoifurahia kazi ile, kwa sababu alitandika reli badala ya kung'oa.

Injini iliwaka tarehe 20 Mei 2017. Watu walishangilia, Verna akalia. Jumatatu yake boila ikavuja, na Jumamosi Delmar akatoka tena na spana kung'oa reli za kulipia matengenezo. Wenzake walikuwa wanapungua, wengine wamelala makaburini humu, wengine magoti yamegoma. Mimi nimeuza tiketi miaka mitano na nimechoka, nasema wazi.

Moyo ulianza kumsumbua mwaka 2020. Daktari alimkataza kunyanyua vitu vizito, naye akaenda kunyanyua. Reli ya mwisho ilitoka Novemba 2021. Alifariki nyumbani, amelala kitini, Alhamisi tarehe 3 Machi 2022, akiwa na miaka 78.

Ameacha mjane, Verna, binti, Joyce, na mumewe, wajukuu wawili, mimi mdogo wake, na wanachama watatu waliobaki. Hao watatu waliomba injini ipige honi jeneza likishushwa. Verna amekataa.

"Msithubutu," amewaambia. "Akiisikia tu, ataamka aende kazini."

Kwa hiyo tutamshusha kimya kimya. Mungu ampumzishe kwa amani, maana sisi tulishindwa.