Bibi wa Miaka Mia na Thelathini

Benchi la mbao, mguu mmoja umeegemezwa kwenye tofali, lilikaa kati ya kibanda cha fundi redio na mlango wa kinyozi. Asubuhi hiyo wote walikuwa wanakunywa kahawa, isipokuwa Kibodi, fundi kompyuta. Miaka mitatu alijifungia chumbani akiandika mfumo wa kutunza habari za wagonjwa, ule unaofunguliwa mtandaoni kama ukurasa wowote. Jana aliukuta unauzwa kwa jina jingine. Mwizi ni fundi mwenzake, aliyewahi kumsaidia kuuweka kwenye kompyuta za wateja. Kibodi alikuwa na hasira mpaka masikio yanawaka.

— Una hakika ni wako? aliuliza Mzee Waya, fundi redio. Si yote inafanana?

— Mzee wangu, wakati wa majaribio nilibuni mgonjwa. Bibi wa miaka mia na thelathini, anaumwa jino. Nikasahau kumfuta. Nimefungua mfumo wa yule mwizi, bibi huyo hapo, jino bado linamuuma!

Benchi zima likaangua kicheko. Kibodi hakucheka.

— Ungeuandika kinyumenyume, alisema Kandambili, fundi viatu. Mwizi akisoma anapata kizunguzungu.

— Kizunguzungu kitu gani! Mimi redio zangu nazimwagia gundi ndani. Ukifungua huoni waya wala baba yake waya. Umwagie gundi!

— Gundi mtandaoni, mzee?

— Wewe umeshajaribu ikakataa?

— Basi afiche kitu kinachompiga mwizi picha, kinaituma kwa mama mkwe wake, alidakia kinyozi. Harudii!

— Jamani, mwacheni mwenye msiba aseme, alikemea muuza kahawa.

Kibodi alitoa simu.

— Dawa ninayo. Kila nakala ikifunguliwa inaomba ruhusa kwenye kompyuta yangu. Mstari unaoamuru hivyo niliuficha ndani, mwizi hakuuona. Zahanati kumi na moja zinatumia nakala ya wizi. Nikibonyeza hapa, zote zinazimika.

Vicheko vilikatika. Kila shingo ilinyooka kutazama kile kitufe chekundu.

— Bonyeza, mwanangu. Akome!

— Unangoja nini, Kibodi? Ni jasho lako!

Kibodi alibonyeza. Simu iliuliza kama ana uhakika. Kidole chake kilisogelea neno “Ndiyo”.

— Samahani, kaka.

Alikuwa mwanamke mwenye sare ya uuguzi, amepita kununua kahawa, kikombe bado kinafuka mkononi.

— Huyo bibi wa jino ndiye anayetokea wa kwanza kila tukifungua kompyuta kazini? Sisi humsalimia. Tulidhani ni bibi yake mwenye zahanati.

— Mnatumia mali ya wizi, dada!

— Ndiyo kwanza nasikia. Aliyenunua ni bosi. Lakini nina mtoto wodini, degedege halijamwacha. Sindano yake ya alfajiri imeandikwa humo, na aliyemchoma ameshatoka zamu, simu yake haipatikani. Ukizima, nitajuaje nimchome tena saa ngapi?

Mzee Waya aliinama akalitazama tofali. Kibodi alisikia uchungu, maana haki ilikuwa yake na kila mtu pale alilijua hilo. Kidole alikiondoa juu ya kioo, lakini simu hakuirudisha mfukoni.

Muuza kahawa aliinamisha birika juu ya kikombe cha Kibodi. Halikutoka hata tone.

Muuguzi bado alikuwa amesimama, anasubiri jibu.