Shikamoo ya Lightness

Kijiwe chetu hapa Masoko ni benchi moja, birika la Huseni, na watu wenye maoni mengi kuliko kazi. Jana Dismas, fundi baiskeli tunayemwita Spoki, alirudi kutoka mjini alikowapeleka mkewe Marietha na watoto wawili kwenye makumbusho ya ndege. Leo tulitarajia majigambo. Akaja kukaa kama aliyetoka kuzika.

— Vipi Spoki, ndege mmeziona? nikamuuliza.

— Mpaka ndani tumeingia. Mbele kakaa rubani, kofia, miwani, kila kitu. Nikamwambia Lightness, mwamkie mzee. Akasema shikamoo. Kimya. Nikamfinya, nikamwambia sema kwa sauti. Akasema tena. Kimya.

— Si lilikuwa sanamu! akasema Huseni.

— Nilijua niliponyoosha mkono nimsalimie. Mkono wa plasta! Sasa mtoto tangu pale haamkii mtu. Na leo mama yangu anashuka kutoka Kikole. Mjukuu asipomwamkia, anageuza na basi hilohilo.

Pazi, tunayemwita Redio kwa sababu hazimwi, akatua kikombe.

— Hata rubani mzima haitikii. Injini imeshamla masikio.

— Si masikio, akakataa Saad, muuza dawa za panya, ambaye kwetu ni Daktari. Wamekatazwa. Marahaba inakula pumzi, na kule juu pumzi ni ya kupimiwa.

— Ndiyo maana abiria mnafungwa mikanda! akadakia Redio. Wote mkiinama kumwamkia, ndege inalala ubavu.

— Ilishalala moja, akaongezea Daktari. Ilikuwa na watu wa Tingi. Wana adabu mno wale.

Huseni hakucheka.

— Spoki, mtoto umemwambia kwamba ni sanamu?

— Nitamwambiaje, na nilishamfinya?

Hapo Lightness mwenyewe akatokea, miaka mitano, gauni la kanisani. Hakumwamkia mtu.

— Baba, mama anakuita. Bibi ameshashuka.

— Waamkie kwanza babu zako hawa.

Akatutazama mmoja mmoja, taratibu, kisha akamgeukia baba yake.

— Baba, yule mzee wa kwenye ndege tulimkosea nini?

Daktari akawa anaokota chenga za kashata kwenye kanzu. Nilimwonea Spoki huruma, kwa kweli. Aliinua kikombe chake kilichokwisha zamani, akanywa.