Papa Bisimwa na Ubao wa Saa za Kutoka

Baada ya miaka kumi na tano na siku hamsini na tano za kazi, Papa Bisimwa Lwaboshi anastaafu leo, Ijumaa tarehe 27 Juni 2025.

Alianza tarehe 3 Mei 2010, akichaji simu katika kibanda cha ushirika wetu hapa kambini Dzaleka, Malawi. Kabla ya hapo alikuwa fundi cherehani Bukavu, na tepu ya kupimia nguo haijatoka shingoni mwake hadi leo. Pikipiki za umeme zilipofika mwaka 2021, yeye ndiye aliyekabidhiwa chaja.

Tulikuwa na pikipiki ishirini na mbili, na umeme wa kuchaji sita tu kwa wakati mmoja. Madereva wote walirudi saa kumi na mbili jioni, saa ileile mtaa unapowasha taa na majiko, na kila mmoja alitaka kuchomeka papo hapo. Alhamisi tarehe 10 Machi 2022 swichi kuu ilizidiwa, ikaanguka mara ya pili, mtaa ukabaki gizani. Tukapewa onyo la maandishi: ikianguka mara ya tatu, kituo kinakatiwa umeme. Familia ishirini na mbili zilikula kwa pikipiki hizo.

Sisi wengine tulifikiria jenereta. Papa Bisimwa alifikiria nguo. Fundi, alituambia, haulizi nani ameleta kitambaa kwanza. Anauliza nguo itavaliwa lini. Gauni la harusi ya Jumamosi hutangulia sketi ya Krismasi. Basi akatundika ubao, na kila dereva akaulizwa jambo moja: kesho unatoka saa ngapi? Wa safari ya alfajiri kwenda Lilongwe alichomekwa kwanza. Wa sokoni alingoja mpaka majiko ya mtaa yazimwe.

Kelele hazikukosekana. "Mi njo nilifika wa kwanza!" alilalamika dereva Gélase wiki nzima, kisha akaamua kudanganya: akaandikisha safari ya saa kumi alfajiri. Papa Bisimwa hakugomba. Saa kumi kamili alikuwa mlangoni kwa Gélase, amevaa koti, akiomba lifti mpaka Lilongwe. Gélase alimpeleka, macho yamejaa usingizi. Tangu siku hiyo hakuna aliyeudanganya ubao.

Agosti 2023 alitumwa kutundika ubao wa pili katika kituo chetu cha Chilinde. Kasoro yake ni moja tu, chaki: suruali zake zote zina mifuko myeupe, na Mama Annonciata, mkewe, amekwisha kuchoka kuzifua.

Swichi kuu haijaanguka mara ya tatu. Chaki sasa inashikwa na Benedicte, aliyejifunza kwake miaka miwili. Jana jioni madereva waliongeza mstari chini kabisa ya ubao, kwa mwandiko wa Gélase: "Papa Bisimwa: hana safari. Achaji polepole."

Aksanti sana, Papa. Amka saa unayotaka, na Mungu akujalie siku nyingi za amani.