Mwalimu wa Jumatano

Alhamisi tarehe 12 Juni 2025, saa nne kasoro dakika kumi asubuhi, nilikuwa uani nakamua shuka za dada yangu, moja mkononi na nyingine bado kwenye beseni, shemeji alipotoka chumbani bila viatu, akasimama mlangoni, akasema, "Acha hiyo kazi, shemeji, dada yako ametuacha." Ndugu waombolezaji, ile iliyokuwa mkononi niliianika kwanza, kwa sababu yeye mwenyewe asingenisamehe kuitupa imejikunja, ndipo nikaingia ndani. Nadhani ndiyo sababu familia imenichagua mimi, kitinda mimba, niwasomee maisha yake, kwa madai kwamba silii haraka.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Septemba 1964, wa kwanza kati ya watoto watano wa baba seremala na mama mkunga, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana, na kwa kuwa mama aliitwa kuzalisha wakati wowote, dada ndiye aliyetupikia, akatuogesha, na kila jioni kabla ya kupakua akatuhesabu kwa mwiko, kichwa kwa kichwa, na asiyekuwepo alitafutwa kwanza, sisi wengine tukisubiri na kununa. Tabia hiyo hakuiacha maisha yake yote.

Alianza shule ya msingi Januari 1972, akamaliza mwaka 1978, akasoma sekondari ya wasichana kuanzia 1979 hadi 1982, kisha chuo cha ualimu, alikopata cheti tarehe 30 Novemba 1984. Alifundisha shule ya msingi miaka kumi na moja, na tarehe 8 Januari 1996 akahamia sekondari ya kanisa letu kufundisha somo la Dini, kazi aliyoifanya mpaka alipougua. Tarehe 19 Desemba 1987 alifunga ndoa na fundi saa, huyu mnayemwona hapa mbele, ambaye alitengeneza saa za mtaa mzima isipokuwa ya kwake ya ukutani, inayotangulia dakika ishirini hadi leo, kwa sababu dada alimkataza kuigusa, akisema hiyo ndiyo inayomfikisha kazini mapema. Walijaliwa watoto watatu, muuguzi, dereva wa lori, na wa mwisho ambaye bado yuko chuoni.

Kuhusu Jumatano, wengi mnajua nusu tu. Mwezi Mei 2003 dada alichoka kusahihisha madaftari yaliyoeleza upendo wa jirani kwa mwandiko mzuri, yaliyoandikwa na watoto wasiomjua jirani hata mmoja, akawachukua wanafunzi mchana wa Jumatano hadi kwa mama msusi wa vikapu, asiyeona, anayeishi nyuma ya kanisa. Walifagia, walisugua, walipanga kila kitu upya, wakaimba wimbo, wakaondoka wameridhika. Siku mbili baadaye msusi alifika shuleni kwa fimbo yake, akiwa ametia sabuni ya unga kwenye mchuzi akidhani ni chumvi, akamwambia dada mbele ya walimu wote, "Mwalimu, wanao wameniibia nyumba yangu, wakaniachia nyingine."

Mwingine angeona aibu na kuacha, lakini dada aliwarudisha wote Jumatano iliyofuata, msusi akakaa kwenye kigoda akiwaelekeza, kopo hili pale, ndoo ile huku, mpaka nyumba yake ikarudi. Tangu siku hiyo kila daftari la Dini liliandikwa swali moja kwenye jalada, Nianzie wapi?, na mwanafunzi hakugusa kitu cha mtu kabla ya kuliuliza. Kisha alirudi darasani kuandika alichojifunza, na alama ya kazi hiyo haikutolewa na dada, ilitolewa na aliyehudumiwa. Kamati ya shule ilipomuuliza dada fundi viatu, mmoja wa waliohudumiwa, anawezaje kusahihisha somo la Dini, dada alijibu kwamba fundi viatu ndiye anayejua kama amependwa au amesumbuliwa.

Wazazi tulilalamika, nami sitajificha, nilikuwa mstari wa mbele. Binti yangu, aliyeingia kidato cha kwanza mwaka juzi, alirudi nyumbani sare imelowa na inanuka moshi, nikamwendea dada nikamwambia sikumpeleka mtoto shule akafue shuka za watu. Aliniuliza, "Kwani zako anafua nani?" Nikaenda zangu nyumbani, kwa sababu nilikuwa nafua mimi.

Mwezi Oktoba 2024 alianza kuumwa mgongo, na tarehe 14 Januari 2025 hospitali ikagundua ni saratani. Mwezi Aprili kamati ikaamua kwamba, kwa kuwa hakuna mwalimu mwingine aliyejitokeza, muhula ukiisha Jumatano zitarudi kuwa za mazoezi ya mitihani, na habari hiyo ilimuuma dada kuliko mgongo, kila aliyeingia chumbani aliulizwa, "Jumatano zangu vipi?" Wanafunzi walipokuja kumhudumia aliwafukuza, akisema yeye si kazi ya darasa, waende kwa wenye shida. Binti yangu akamwambia, "Mama mkubwa, kwani wewe una raha?" Akacheka mpaka akakohoa, wakamuuliza waanzie wapi, akawaambia. Siku hiyo aliwapa sita kwa kumi, kwa sababu walimhamishia miwani.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya pili, majirani waliotuletea maji na kuni bila kuombwa, walimu wenzake waliogawana vipindi vyake, na mchungaji aliyekuja mara nyingi na kukaa muda mfupi, jambo ambalo mgonjwa alilipenda.

Namaliza na Jumatano ya wiki iliyopita, kwa sababu dada aliniagiza nisimalize na ugonjwa. Alasiri ile mkuu wa shule alikuja kumweleza kwamba uamuzi wa kamati umebaki palepale, akakuta wanafunzi thelathini na mmoja wameenea uani, hawa wanafua, wale wanakata mboga, hakuna mwalimu aliyewatuma. Alikuwa na faili lake kwapani. Kisha aliliweka dirishani, akakunja mikono ya shati, akaenda mpaka kitandani, akauliza, "Mwalimu, nianzie wapi?" Dada akasema, "Viazi." Alipomletea sufuria aione, dada akachungulia, akasema, "Mkuu, hivi umemenya au umechonga? Nne." Mkuu alicheka, akafuta macho kwa kiwiko, akatangaza mbele yetu sote kwamba ataongea na kamati, na muhula ujao Jumatano atazisimamia yeye mwenyewe, maana hawezi kustaafu na nne.

Jioni chakula kilipoiva tulisogeza kitanda mpaka mlangoni, nikampa dada mwiko, akawahesabu wanafunzi, kichwa kwa kichwa, akasimama kwenye wa thelathini. Binti yangu hayupo. Hakuna aliyepakua, hata mkuu wa shule alisubiri na sahani tupu, mpaka mtoto alipoingia getini taratibu, amemshika mkono mama msusi wa vikapu, ambaye sote tulikuwa tumemsahau. Dada akaongeza wawili, akaangalia kulia na kushoto, akasema, "Haya, pakueni."

Dada, hapa nimehesabu, tupo wote. Lala salama, mwalimu wetu, upumzike kwa amani.