Ami Mselem, Aliyetukalisha na Njaa Mpaka Watu Waseme

Baada ya miaka thelathini ya utumishi katika ofisi yetu ya hifadhi za pwani hapa Jeddah, Ami Mselem bin Sultan anastaafu rasmi Alhamisi, tarehe 30 Aprili 2026. Waswahili wa ofisi wamenichagua mimi, Safa, niandike wasifu wake, ati kwa sababu nimefanya naye kazi kwa karibu. Kwa karibu! Nimegombana naye kwa karibu, semeni hivyo.

Ami aliletwa Jeddah akiwa mtoto mchanga, mwaka 1964, mama yake kambeba kutoka Unguja. Akakulia Balad, mji wa kale, akaajiriwa kwetu mapokezi, akapanda hadi kuwa afisa wa ushirikishaji wa wadau. Cheo kirefu, lakini kazi yenyewe ni moja: wakubwa wetu wa Riyadh wasipange namna ya kutunza sehemu yoyote kabla wanaoishi hapo hawajaulizwa. Kuuliza tu, utadhani ni jambo dogo. Bwana huyu akianza kuuliza, hanyamazi. Mkutano wa asubuhi aliufikisha alasiri, na ukimkumbusha saa, anakuuliza una haraka ya kwenda wapi.

Mimi kazi yangu ni maandalizi ya mikutano: ukumbi, viti, kahawa, tende na chakula. Na nasema bila haya, chakula changu kilisifiwa hadi makao makuu, kule Al-Malqa, Riyadh. Wageni wakifika, kwanza wale, kondoo mzima juu ya wali, ndipo mpango uonyeshwe ukutani. Ndivyo tulivyowafanyia wafugaji wa ngamia wa hori moja ya mikoko, mkono wa bahari ulioingia nchi kavu kusini ya mji. Tuliwaonyesha uzio wa hifadhi utakapopita. Wakasema inshallah, kheri, wakatuombea dua, wakaenda zao. Riyadh wakaandika kwamba wadau wote wameafiki.

Uzio ukajengwa, ukakatwa. Ukatengenezwa, ukakatwa tena, ngamia wamo ndani wanatafuna mikoko michanga. Riyadh wakaja juu: watu gani hawa, leo wanakubali, kesho wanavunja? Ikatoka amri kwamba ukikatwa tena, wafugaji wote wataondolewa pwani ile. Na kwa watu wale, kuondolewa pale wakati wa kiangazi, huku malisho mengine yote yamekauka, ni sawa na kuambiwa wauze ngamia wao waje kutafuta kibarua mjini.

Ami akamwambia Elphas, dereva wetu Mkenya, yalla, wakaenda kwa mkubwa wao, Sheikh Mubarak, kumuuliza kwa nini hakukataa pale mkutanoni. Mzee alishangaa hata kuulizwa. Akasema walikuwa wageni wetu, wamekula chumvi yetu. Mtu mwenye adabu atampingaje mwenyeji wake, mkono bado unanukia samli? Elphas anasema Ami alirudi garini kashika kichwa, na njia nzima akawa anajiuliza maswali yeye mwenyewe badala ya kuwauliza wengine. Kwa Ami, hiyo ni ajabu.

Basi akaja na uamuzi wake: mkutano mpya, na hakuna chakula mpaka mtu wa mwisho aseme. Kahawa nayo mafi, hakuna. Jamani! Mgeni katoka huko jangwani, umkalishe na njaa? Nilimwambia ananivunjia heshima mbele ya mji mzima. Hakunisikiliza. Siku yenyewe masufuria yangu yamejaa uani, nazunguka nasonya, na ndani hawana dalili ya kumaliza.

Na walivyosema! Sheikh Mubarak alianza kwa kulalamika kwamba hajawahi kukaribishwa kikavu namna ile, kisha akafunguka: uzio umewatenga na kisima chao. Mkurugenzi wa mipango kutoka Riyadh akapandisha sauti, wafugaji wakapandisha zaidi. Nikasema halas, basi tena, leo tunafukuzwa kazi sote. Kumbe hapo ndipo walipoanza kupanga kweli. Njia ya kisima ikafunguliwa, upande wa kaskazini ukaachwa kwa malisho ya kiangazi, na wafugaji wakakubali kulinda wenyewe miche ya mikoko upande wa pili. Wali uliliwa umegandamana. Nilitaka kulia. Lakini uzio ule haujakatwa tena mpaka leo, na ngamia wa Sheikh Mubarak wako palepale.

Tangu hapo kila mkutano ukawa hivyo, na watu wa pwani wakambandika jina la Bakhili. Yeye analifurahia! Ukarimu wangu wote umeishia hapo.

Sasa kuna hori nyingine, ya kaskazini, yenye wavuvi na wafugaji wake, nayo inataka kuzungushiwa uzio. Riyadh wameshawaalika wenyeji wake hotelini kwao baada ya Idi: karamu kwanza, mpango baadaye. Wameniomba mimi nisimamie chakula, kwa kuwa yule mkorofi anaondoka. Ami kasikia, akaja akakaa mbele ya meza yangu, akaninyamazia. Yaani hata kunyamaza kwake kunaudhi!

Jana nimewajibu. Nimewaambia waje wao huku horini, na kwamba jiko siliwashi mpaka nimesikia kwa masikio yangu angalau mtu mmoja akiwakatalia. Mkurugenzi amekasirika, anasema nimekuwa mkaidi uzeeni.

Ahsante sana, Ami Mselem, kwa kuniharibu. Mwenyezi Mungu akupe afya na umri mrefu, ule chakula chako kikiwa cha moto. Sisi huku tutakaa na njaa.